Hidrojeni: Gesi Izaliwayo Ndani ya Betri

Tumfikirie kijana mmoja wa Mbwawa, huko Kibaha katika mkoa wa Pwani. Nyumbani kwao taa na redio huwashwa kwa umeme wa jua, na betri ya asidi, ya aina ile itumikayo katika magari, imewekwa pembeni mwa chumba cha kulala ili isiibwe. Betri imechajiwa tangu asubuhi. Jioni kijana anasikia ndani yake sauti kama ya chungu kianzacho kuchemka. Anafungua vifuniko ili atazame kama maji yamepungua, lakini chumba kina giza. Basi anainama na kuwasha kiberiti.

Maji yaliyomo ndani ya betri hiyo hayachemki. Mtu akiligusa ganda lake ataona kwamba lina uvuguvugu tu. Povu analoliona ni la gesi mbili ambazo umeme unazitoa katika maji, na moja ya gesi hizo ni hidrojeni. Makala haya yataeleza hidrojeni ni kitu gani, yatampa mwalimu njia ya kuitengeneza darasani kwa vifaa vinavyopatikana kwa urahisi, na mwishoni yatarudi katika chumba kile cha Mbwawa ili tupime kwa hesabu hatari iliyomo humo. Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani atakuta hapa mengi anayoyajua. Hata hivyo, ni vema ayasome akimkumbuka yule kijana mwenye kiberiti.

GESI YENYEWE

Hidrojeni ndiyo elementi ya kwanza katika jedwali la elementi, nayo ndiyo nyepesi kupita zote. Atomi yake ya kawaida ina protoni moja na elektroni moja, basi. Atomi hizo hazipendi kukaa peke yake. Huungana mbilimbili na kufanya molekuli ya H2. Gesi hii haina rangi, haina harufu wala ladha, na huyeyuka kidogo sana katika maji. Haina sumu, ingawa mtu aliyefungiwa mahali palipojaa hidrojeni tupu atakufa kwa kukosa oksijeni. Ili iwe kimiminika, shurti ipozwe hadi nyuzi 253 chini ya sifuri katika kipimo cha Selsiasi.

Mwingereza Henry Cavendish aliichunguza kwa makini na kuandika habari zake mwaka 1766, akiiita hewa iwakayo. Alionyesha pia kwamba ikiungua huzaa maji. Mfaransa Lavoisier ndiye aliyelitambua jambo hilo kwa maana yake kamili, yaani kwamba maji, ambayo wataalamu wa kale waliyahesabu kuwa elementi, kumbe ni muungano wa vitu viwili. Kutokana na hayo gesi ikapewa jina lenye asili ya Kigiriki, ambalo maana yake ni "mzaa maji".

Jina hilo limeifaa. Katika kila gramu 18 za maji ya mto Ruvu mna gramu 2 za hidrojeni na gramu 16 za oksijeni. Kadhalika hidrojeni imo katika mafuta ya taa, katika sukari, katika kuni, katika unga wa muhogo na katika miili yetu. Ikiwa huru, katika hewa tuivutayo, ni adimu mno. Sababu yake tutaiona punde.

KUITENGENEZA SHULENI

Njia ya kale na rahisi ni kuitoa katika asidi kwa kutumia metali. Zinki na asidi ya salfuriki iliyozimuliwa hutenda hivi:

Zn + H2SO4 → ZnSO4 + H2

Shule isiyo na zinki ya dukani isikate tamaa. Ganda la betri kavu za tochi za aina ya kawaida, zile za bei nafuu, limefanywa kwa zinki. Betri iliyokwisha nguvu ifunguliwe kwa uangalifu, unga mweusi utolewe bila kupeperushwa, nalo ganda lioshwe, likwanguliwe na kukatwa vipande vidogo. Betri zilizoandikwa kuwa ni za alkali zisifunguliwe kabisa: ganda lake ni la chuma, na ndani yake mna alkali kali iunguzayo ngozi na macho.

Asidi ya betri ya gari yaweza kutumika, lakini ni nzito kupita kiasi kinachohitajika. Kipimo kimoja cha asidi kimiminwe polepole ndani ya vipimo vitatu vya maji huku mchanganyiko ukikorogwa. Asidi ndiyo itiwayo katika maji. Anayefanya kinyume chake, akatia maji katika asidi, atarukiwa na asidi ya moto usoni. Mwalimu na wanafunzi wavae miwani ya kukinga macho, na ndoo ya maji safi iwe karibu.

Vipande vya zinki vitiwe katika chupa yenye kizibo kilichopitishwa mrija, kisha asidi imiminwe juu yake. Zinki iliyo safi sana huanza kazi kwa uvivu. Punje chache za mrututu zitaiamsha, kwa kuwa shaba iliyomo ndani ya mrututu hutanda juu ya zinki na kuharakisha mmenyuko. Gesi iongozwe kwa mrija hadi chini ya neli ya kioo iliyojazwa maji na kupinduliwa katika beseni. Mapovu yapandapo, maji hushuka, na neli hujaa gesi.

Neli mbili au tatu za kwanza zimwagwe nje, kwa maana zina hewa iliyokuwamo chupani kabla ya kazi kuanza. Na hapa pana kanuni isiyo na ruhusa ya kuvunjwa: moto usikaribie kamwe chupa inayotoa gesi. Neli iliyojaa izibwe kwa kidole gumba na kupelekwa upande mwingine wa chumba, kwenye mshumaa uliowashwa huko. Jaribio hili hutosheka na neli ndogo. Hakuna jambo jipya litakaloonekana kwa kutumia chupa kubwa, ila vioo vya kuokota sakafuni.

Wanafunzi wengine husema gesi waliyoitengeneza ina harufu mbaya. Wako sahihi, lakini harufu hiyo ni ya uchafu uliokuwamo katika metali au asidi.

WEPESI WAKE

Ujazwe mirija miwili ya gesi. Mmoja ushikwe mdomo ukielekea chini, mwingine mdomo ukielekea juu, na vizibo viondolewe. Baada ya nusu dakika yote miwili ipelekwe kwenye mshumaa. Ule ulioelekea chini utalia "pwa!", ule ulioelekea juu utanyamaza, kwa sababu gesi yake imekwisha toka na kwenda zake.

Lita moja ya hewa, katika nyuzi sifuri na kanieneo la kawaida, ina uzito wa gramu 1.29. Lita moja ya hidrojeni ina gramu 0.09 tu. Hewa basi ni nzito kuliko hidrojeni kiasi cha mara kumi na nne. Kila meta ya ujazo ya hidrojeni iliyozungukwa na hewa yaweza kuinua karibu kilo 1.2. Molekuli zake, kwa kuwa ni ndogo na nyepesi, huenda kwa kasi kubwa, hupenya mahali ambapo gesi nyingine hukwama, na hatimaye baadhi yake huiponyoka dunia na kupotelea angani. Hii ni sababu mojawapo ya uhaba wake katika hewa yetu. Nyingine ni wepesi wake wa kuungana na vitu vingine, hasa oksijeni.

Wafaransa waliutumia wepesi huo mapema. Mwaka 1783 Jacques Charles alirusha kutoka Paris mpira mkubwa uliojazwa hidrojeni, ambayo ilitengenezwa kwa chuma na asidi. Ulipotua katika kijiji cha Gonesse, wanakijiji waliudhani ni dude la ajabu, wakaushambulia kwa zana zao za shamba mpaka ukanywea.

Lakini kisa kilicho karibu nasi zaidi ni kile cha mwaka 1917, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Majeshi ya Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck yalikuwa yamesukumwa hadi kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania bara, nayo yalikuwa yamepungukiwa na risasi na dawa. (Wapagazi wa Kiafrika, ambao walikufa kwa wingi katika vita hivyo wakiwabebea mizigo wakubwa wa pande zote mbili, walikuwa wamepungukiwa na zaidi ya hayo.) Bahari ilizuiwa na Waingereza. Ikaamuliwa huko Ujerumani kwamba msaada upelekwe kwa chombo cha angani, yaani meli ya hewa iliyoitwa L 59.

Chombo hicho kilikuwa na urefu wa meta zipatazo 226, na mifuko yake ya gesi ilikuwa na ujazo wa meta za ujazo 68,500 za hidrojeni. Mwanafunzi afanye hesabu. Hewa ya ujazo huo, katika nyuzi sifuri, ina uzito wa tani 88 na zaidi. Hidrojeni ya ujazo huohuo ina tani 6 tu. Tofauti yake, yapata tani 82, ndiyo nguvu ya kuinua chombo chenyewe, injini, mafuta, watu na mizigo. Mizigo ya kupelekea jeshi ilikuwa karibu tani 15.

Sasa afanye hesabu hiyo kwa joto la nyuzi 30, mfano wa mchana wa kwetu. Hewa na gesi zote hupanuka, na kila kipimo cha ujazo hupungua uzito kwa uwiano wa 273 kwa 303. Nguvu ya kuinua yashuka hadi kama tani 74. Joto peke yake, kabla ya upepo au risasi ya adui, limekwisha kula tani 8, nusu ya mzigo mzima!

L 59 iliondoka Jamboli, katika nchi ya Bulgaria, tarehe 21 Novemba 1917 chini ya nahodha Ludwig Bockholt, ikavuka bahari ya Mediterania, ikaingia Misri na kufuata njia ya kusini juu ya jangwa. Mchana jua liliipasha gesi, ikapanuka, na iliyozidi ikalazimika kutolewa nje. Usiku baridi ya jangwa iliipoza gesi iliyobaki, ikasinyaa, chombo kikawa kizito na kuanza kushuka. Huo ni mfano wa kanuni ya Charles, yuleyule wa mpira wa Paris. Tarehe 23, walipokuwa Sudani upande wa magharibi wa Khartoum, walipata amri kwa redio kwamba warudi. Walifika Jamboli tarehe 25, baada ya kukaa hewani saa 95 na kusafiri kilometa 6,757 bila kutua. Siku hiyohiyo ya tarehe 25 von Lettow-Vorbeck alikuwa akivuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji.

Jambo la kumfaa mwanakemia ni hili: hata kama chombo kingefika, kisingeweza kurudi. Ilipangwa tangu mwanzo kwamba kivunjwe. Nguo yake ishonwe mahema na mavazi, mifupa yake ya metali isimamishwe kuwa nguzo za redio. Sababu ni kwamba hidrojeni iliyopotea njiani isingepatikana Tanganyika. Kwa nini? Turudi kwenye chupa yetu ya zinki. Gramu 65.4 za zinki na gramu 98 za asidi ya salfuriki hutoa lita 22.4 za gesi. Ili kuipata meta za ujazo 68,500 zingehitajika tani 200 za zinki na tani 300 za asidi. Nani angezifikisha porini tani 500 ili kukirudisha chombo kilicholeta tani 15?

Tarehe 7 Aprili 1918 L 59 ilishika moto ikiwa angani, karibu na mlango-bahari wa Otranto, ikateketea pamoja na wote waliokuwamo. Leo mipira ya kupimia hali ya hewa hujazwa hidrojeni katika nchi nyingi, lakini vyombo vya kuchukua watu hutumia heliamu, ambayo haiungui, na ambayo nguvu yake ya kuinua hupungukiwa na ile ya hidrojeni kwa sehemu 7 au 8 tu kati ya mia. Heliamu ni ghali; ndiyo sababu habari za kugunduliwa kwake katika bonde la Ziwa Rukwa, zilizotangazwa mwaka 2016, zilisikilizwa kwa hamu.

INAPOKUTANA NA MOTO

Hidrojeni tupu haiwezi kuungua. Kijiti kinachowaka kikitiwa ndani kabisa ya mtungi wa hidrojeni tupu ulioelekezwa chini, kitazimika. Gesi yenyewe itawaka mdomoni tu, pale inapokutana na hewa, kwa mwali hafifu ambao mchana ni vigumu kuuona. Wengi wameunguzwa na mwali huo kwa kutoujua upo. Joto lake hufikia nyuzi 2,000 hivi.

Baada ya neli kulia, iangaliwe ndani: kioo kimefanya ukungu. Ukungu huo ni maji.

2H2 + O2 → 2H2O

Mwenye shaka autwae mrututu uliokaushwa kwa moto hadi ukawa mweupe, aupake ukungu ule, nao utarudia rangi yake ya buluu.

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Neli iliyojaa hidrojeni safi hutoa sauti ndogo ya upole. Neli iliyojazwa nusu kwa gesi, kisha ikaachwa hewa iingie kuijaza nusu ya pili, hubweka kwa ukali hata wanafunzi wakaruka. Gesi iliyomo ni nusu tu ya ile ya kwanza, iweje kelele iwe kubwa zaidi? Ni kwa sababu katika neli ya kwanza oksijeni hungojwa mlangoni. Hidrojeni huungua kwa zamu kadiri hewa inavyoifikia. Katika neli ya pili hidrojeni imekwisha changanyika na oksijeni. Moto hupita humo mara moja, joto lote hutoka katika sehemu ndogo ya sekunde, mvuke hupanuka ghafla, na mpanuko huo ndio tuuitao mlipuko.

Hidrojeni huweza kuwaka ikiwa katika hewa kwa kiasi cha kuanzia asilimia 4 hadi asilimia 75. Upana huo si wa kawaida. Gesi ya kupikia huwaka kati ya asilimia 2 na 10 tu hivi. Mchanganyiko mkali kuliko yote hupatikana pale vipimo viwili vya hidrojeni vikutanapo na kimoja cha oksijeni. Kwa kuwa oksijeni ni sehemu moja ya tano ya hewa, ni sawa na vipimo viwili vya hidrojeni kwa vitano vya hewa, yaani yapata asilimia 29. Na cheche inayotosha kuiwasha ni ndogo mno: cheche ya swichi, ya waya uliolegea, hata ile itokayo katika nguo ya nailoni ivuliwapo siku ya ukavu.

Uchu huo wa oksijeni una faida zake pia. Hidrojeni ikipitishwa juu ya oksidi ya shaba iliyopashwa moto, huinyang'anya oksijeni na kuacha shaba tupu. Viwandani, ikisaidiwa na nikeli kama kichocheo, huyagandisha mafuta ya mimea. Mojawapo ya kazi zake kubwa, hata hivyo, ni kuunganishwa na naitrojeni ili kupata amonia, ambayo ni mama wa mbolea za chumvichumvi. Hidrojeni ya kazi hiyo haitolewi kwa zinki. Sehemu kubwa hutolewa katika gesi asilia kwa mvuke wa maji. Gesi ya namna hiyo iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974, na katika miaka ya 1980 palikuwa na mpango wa kujenga kiwanda cha amonia huko Kilwa. Kiwanda hicho hakikujengwa. Gesi ya Songo Songo ilianza kutumika mwaka 2004, hasa kwa kuzalisha umeme.

CHUMBA CHA BETRI

Betri ya asidi ina sahani za risasi na za oksidi ya risasi zilizozama katika asidi ya salfuriki. Inapotoa umeme, sahani zote mbili hugeuka taratibu kuwa salfeti ya risasi. Inapochajiwa, salfeti hurudishwa ilivyokuwa. Lakini salfeti ikikaribia kwisha, mkondo wa umeme haukosi kazi: huanza kuyapasua maji. Kwenye sahani hasi hutoka hidrojeni, kwenye sahani chanya hutoka oksijeni.

Msomaji asipite haraka hapa. Umeme huyapasua maji kwa uwiano uleule wa kuundwa kwake, vipimo viwili kwa kimoja. Kwa hiyo betri iliyozidishiwa chaji hutoa hidrojeni pamoja na oksijeni ya kuiunguzia, zimepimwa tayari kwa uwiano ulio mkali kuliko wote. Nafasi iliyo juu ya asidi, chini ya kifuniko, ni ile neli ya pili iliyobweka darasani, na kijana wa Mbwawa ameleta kiberiti mdomoni pake. Betri ikipasuka, vipande vya plastiki na matone ya asidi huruka, na aliyeinama hupigwa machoni.

Je, na chumba chenyewe? Mkondo wa ampea moja ukipita kwa saa moja ni kulombi 3,600. Moli moja ya hidrojeni huhitaji kulombi 193,000. Hivyo kila ampea-saa iliyozidi hutoa, katika kila seli, lita 22.4 mara 3,600 gawa kwa 193,000, yaani lita 0.42. Betri ya volti 12 ina seli sita. Jumla ni lita 2.5 kwa kila ampea-saa. (Hesabu hii ni ya nyuzi sifuri, katika joto letu ongeza sehemu moja ya kumi.)

Tuseme betri moja imejaa, lakini imeendelea kupitishiwa ampea 5 kwa saa 10. Kifaa kizuri cha kudhibiti chaji kingeupunguza mkondo huo. Lakini wako waungao sola moja kwa moja kwenye betri ili kuokoa fedha, na wako mafundi ambao mashine zao hazina kidhibiti. Ampea-saa 50 zitatoa lita 126 za hidrojeni. Chumba cha meta 3 kwa 3, chenye kimo cha meta 2.5, kina lita 22,500. Gesi ikienea sawasawa itakuwa kiasi cha asilimia 0.6 tu, chini sana ya ile asilimia 4. Mtu angeweza kusema hakuna hatari.

Lakini tumekwisha kuona kwamba hidrojeni hupanda. Kama hewa ya chumba imetulia na dari haina tundu, gesi yaweza kutangulia kukusanyika juu kabla ya kuenea. Ikishikwa katika sentimeta 30 za juu, ambazo ni lita 2,700, itakuwa asilimia 4.7, na taa iliyotundikwa darini imo humohumo. Ukweli wa kila chumba huwa kati ya hesabu hizi mbili. Fundi anayechaji betri nane kwa pamoja katika chumba hicho ataufikia mpaka hata kama gesi imeenea pote.

Hapa nyumba ya zamani ina fadhila ambayo haitajwi sana. Paa la makuti hupumua. Hata bati lililoezekwa kwa kuachwa nafasi kati yake na ukuta hupitisha gesi. Ni nyumba iliyopigwa plasta, ikatiwa dari na kuzibwa kila upenyo ili mbu wasiingie, ambayo huifungia hidrojeni. Dirisha la kawaida halitoshi, kwa kuwa kizingiti chake cha juu kimeshuka chini ya dari, na tabaka la gesi hubaki juu yake kama maji yabakiavyo katika mtungi uliotobolewa karibu na mdomo. Tofauti ni kwamba mtungi huu umepinduliwa. Tundu la kutolea gesi lipasuliwe juu kabisa, mahali ukuta unapokutana na dari, na jingine chini upande wa pili ili hewa safi iingie. Wavu wa mbu unaweza kuwekwa; hauizuii gesi. Afadhali zaidi betri ikae barazani ndani ya sanduku la mbao lenye matundu na kufuli.

Anayetaka kutazama maji ya betri atumie tochi, tena aiwashe akiwa bado mbali. Mashine ya chaji izimwe kwanza, ndipo vibanio viondolewe. Anayevinyofoa umeme ukipita huzaa cheche palepale gesi inapotokea. Sigara na kibatari viwe mbali. Ikisikika harufu ya mayai yaliyooza, hiyo si hidrojeni, kwani yenyewe haina harufu. Ni dalili kwamba betri imepata joto la kupita kiasi na inatoa gesi nyingine yenye sumu. Chaji ikatwe, milango ifunguliwe, watu watoke. Asidi ikimrukia mtu jichoni, aoshwe kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa muda usiopungua robo saa, kisha apelekwe zahanati bila kungoja maumivu yapungue. Betri za lithi, ambazo siku hizi huuzwa pamoja na taa ndogo za sola, hazitoi hidrojeni kwa namna hii. Zina hatari zake nyingine. Zile za asidi zinazoitwa za kufungwa bado zina vali, nazo hupumua zikizidishiwa chaji.

Darasa linaweza kujaribu hesabu hii. Shule ina betri nne za volti 12, kila moja ikiendelea kupitishiwa ampea 3 kwa saa 6 baada ya kujaa. Chumba kina urefu wa meta 4, upana wa meta 3 na kimo cha meta 3. Zitatoka lita ngapi za hidrojeni, nayo itakuwa asilimia ngapi ikienea chumba kizima? Kisha watafute unene wa tabaka la juu ambalo, likiishika gesi yote, litafikia asilimia 4. Majibu ni lita 181, asilimia 0.5, na sentimeta 38. Wakimaliza, wachukue futikamba, waende katika chumba cha betri cha shule yao, wapime umbali kutoka dari hadi kizingiti cha juu cha dirisha.